Siku Niliyopogoa Rosemari Kama Chai

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siikumbuki kwa tarehe wala kwa hali ya hewa. Naikumbuka kwa pua. Harufu ya rosemari iliyokatwa ilijaa mteremko mzima, ikavuka mashamba ya chai, ikawafikia wanawake waliopanga foleni kwenye kituo cha kupimia majani. Mmoja wao akapaza sauti, "Nani anachoma nyama huko na hajatuita?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana kisu kilikuwa mkononi mwangu na kazi ile ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikujua nimemfanyia nini mtu aliyeniamini.

Nakuambia haya kwa sababu juzi ulisimama mbele ya nyumba yangu, umetoka chuo cha kilimo na cheti chako, ukazitazama rosemari zangu zilivyojikunja kama wazee wanaoota jua, ukasema, "Mzee, hizi zimechoka. Wacha nizipruni zote mpaka chini, zitatoka mpya." Ulisema kwa wema. Nilikuambia ungoje, nikaingia ndani nikakaa, kwa sababu sauti yako ilikuwa sauti yangu mwenyewe ya zamani, na ilinitoa jasho. Sasa nimepumua. Kaa karibu unisikilize.

Wakati huo nilikuwa mpogoaji wa chai. Usidhani ni kazi ndogo. Ukitoka Litein ukielekea huku kwetu Roret, kila shamba lililokuwa limefikia mwaka wake wa kupogolewa lilinisubiri mimi, Kipkoech. Miezi ya baridi ilipoingia na majani yakapungua, niliitwa huku na kule. Nilikuwa na kisu kilichopinda, nilichokinoa kila asubuhi kabla ya kunywa uji, na niliweza kushusha mistari mitatu ya chai kabla jua halijafika utosini, kila kijiti kimekatwa kwa mshazari, kila kichaka kimelingana na mwenzake. Nilikata mpaka kwenye mbao tupu. Nililaza matawi juu ya visiki ili jua lisivichome. Baada ya miezi miwili, mitatu, mbao zile kavu zilifumuka vichipukizi vyekundu, na mwenye shamba alinishika mkono kama mtu aliyemfufulia ng'ombe. Mwanangu, kijana anayeona kitu kilichokufa kikifufuka kila mara anapokigusa huanza kuamini kwamba nguvu iko kwenye vidole vyake. Nami niliamini.

Jirani yetu wa chini alikuwa mama mmoja Mkisii, Nyaboke. Yeye na mumewe Ongeri walikuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai wakiwa vijana, na walipostaafu wakanunua kipande chao kando ya chetu. Mimi nilimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kipsigis, naye akaitika kama amezaliwa huku kwetu Bureti. Ongeri alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye bustani ya nyumba ya meneja, na huko ndiko alikoijua rosemari.

Macho ya Kogo yalipoanza kuingia ukungu, na daktari akamwambia wazi kwamba ukungu huo hautaondoka, Ongeri hakulia mbele ya mkewe. Alichukua jembe. Alipanda rosemari safu mbili, moja kila upande wa njia, kutoka mlangoni mpaka getini, na tawi jingine la njia hiyo likaenda mpaka chooni. Mahali pa kukata kona kwenda jikoni aliacha pengo la hatua moja. Akaziacha zikue mpaka kiunoni mwa mkewe. Halafu akamfundisha. Mkono wa kulia juu ya majani unapotoka, wa kushoto unaporudi. Pengo la kwanza, jikoni. La pili, choo. Majani yakiisha kabisa, umefika getini. Miaka miwili baadaye Ongeri alifariki, na Kogo akabaki na njia ile.

Ungemwona! Alitembea peke yake, bila fimbo, kiganja kikielea juu ya vile vijani vyembamba kama anayepapasa kichwa cha mtoto, nyuki wakipisha. Kila asubuhi alifika getini kabla ya sisi kupita na vikapu vya majani. Alitujua kwa nyayo. "Kipkoech, leo umevaa gambuti za baba yako, zinakupwaya!" Tulikuwa tukipita kwa makusudi njia hiyo ndefu ili tu tutaniwe.

Siku moja aliniita. "Mjukuu wangu, hizi rosemari zimenenepa. Zinanikwaruza mbavu. Nikatie kidogo."

"Kidogo vipi, Kogo?"

"Kidogo ya kidogo. Nywele tu. Wewe si ndiye kinyozi wa Roret?"

Alicheka, nami nikacheka. Kesho yake mwanawe, aliyekuwa akiishi hapo nyumba ya pili na mkewe, akampeleka Nyamira kwenye mazishi ya ndugu yao, wakakaa huko wiki nzima. Nami nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kumfurahisha. Nywele tu? Kwa nini nimfanyie kazi ya mtoto wakati naweza kumfanyia ya fundi? Nilizitazama zile rosemari, nikaona mashina mazee yaliyochubuka, matawi yaliyolala, katikati kumejaa vijiti visivyo na jani. Macho yangu yaliona chai iliyopitwa na mwaka wake wa kupogolewa. Sikuona kitu kingine, kwa sababu sikuwa nimewahi kujifunza kitu kingine.

Nilizikata zote mpaka chini ya goti, kwenye mbao. Zilinuka mpaka machozi yakanitoka. Nikalaza matawi juu ya visiki kama tunavyofanya kwenye chai. Nyumbani kulikuwa na mbolea ya chai iliyobaki kwenye gunia. Nikamwagia kila shina konzi mbili. Kisha nikachota maji mtoni, mitungi minane, nikamwagia kila shina lake, na mawingu ya saa tisa tayari yalikuwa yakijikusanya juu ya milima kama kawaida ya huku. Kila jambo jema nililolijua kuhusu mmea, nililifanya siku ile. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikuwa na nia mbaya hata chembe.

Walirudi Jumamosi. Mwanawe alimshusha Kogo getini, naye akakataa kushikwa mkono. "Niache, nimefika kwangu." Nilikuwa nimesimama pale kando nikingoja sifa. Akanyoosha mkono wa kushoto. Ukapita hewani. Akapiga hatua, akaunyoosha tena, chini kidogo. Hewa. Akasimama, akageuza uso kulia na kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona kwamba haoni.

"Nimeletwa kwa nani?" akauliza.

"Ni kwako, Kogo," nikasema haraka. "Ni mimi, Kipkoech. Nimezipruni."

"Ziko wapi?"

"Ziko hapa, chini. Nimezifanya upya. Miezi miwili utaona... yaani, utazishika. Chai huwa naikata fupi kuliko hivi."

Kisha akasema kwa upole, "Sawa. Wewe ndiye unajua mambo ya miti." Akamshika mwanawe mkono, akaingizwa ndani.

Mwanangu, nikuambie nilichokuwa sikijui, kama hawakukufundisha darasani. Chai ina uhai uliolala ndani ya mbao zake. Ukiikata popote, huamka. Rosemari haiko hivyo. Uhai wake unakaa kwenye sehemu yenye majani, na inapozeeka huuacha mguu wake nyuma ukiwa mgumu na mtupu, wa kuibeba tu. Ukikata mpaka pale, hakuna kitu cha kuamka. Tena ni mti wa nchi za jua na mawe, nchi ambazo mvua ni mgeni. Ukiufunika kwa matawi mabichi hapa kwetu Kericho ambapo mvua inapiga hodi kila alasiri, ukauongezea mbolea na maji, umeuzika ungali hai.

Mwezi wa kwanza nilipita kila siku na uso mkunjufu. Mwezi wa pili niliyaondoa yale matawi, yalikuwa yameota ukungu mweupe. Nikakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa rangi ya ugoro. Nikajiambia ni baridi. Nikamwagia maji tena.

Na Kogo? Kogo hakufika tena getini. Mke wa mwanawe alikuwa mtu mzuri, alimshika mkono kumpeleka chooni asubuhi na jioni kabla na baada ya kuchuma majani. Mchana kutwa alikuwa shambani, na Kogo aliketi kwenye kiti karibu na mlango, ndoo nyuma ya pazia. Yule mwanamke aliyekuwa akitutania kwa nyayo zetu alianza kuuliza, "Nani huyo?" Sauti ilikuwa imepungua. Tulipita na vikapu vyetu, na polepole watu wakarudi kwenye njia fupi.

Mwezi wa tatu nilijua. Niliinama juu ya visiki vile nikajua kabisa, kama unavyojua kikombe ni kitupu kabla hujakiinua. Nilipoinuka, Kogo aliniita kutoka mlangoni. "Kipkoech, ni wewe? Zimetoka?"

Nikasema, "Zimeanza, Kogo. Nimeona vichipukizi viwili, vitatu."

Mwanangu, nimefanya makosa mengi maishani, mengine makubwa machoni pa watu. Lakini sijawahi kusema neno baya kuliko hilo. Nilimwambia mtu asiyeona kwamba nimeona.

Alifurahi mno. Uso wote ulifunguka. Nami nikaenda zangu, nikajidanganya kwamba nimempa moyo. Saa moja baadaye nilisikia mke wa mwanawe akipiga mayowe. Kogo alikuwa amejitoa kwenye kiti akaenda kuvishika vile vichipukizi. Alikwenda akiinama, akipapasa kisiki hadi kisiki, akitafuta kitu laini. Vile visiki vilikuwa chini mno kumwongoza, naye akaipita njia, akatumbukia kwenye mfereji wa kuzuia maji ya shamba la chai. Nilipofika alikuwa ameketi ndani ya tope, goti limechanika, kifundo cha mkono kimevimba, na kwenye kiganja amefumbata kipande cha kijiti kikavu.

Niliruka ndani ya mfereji. "Pole, Kogo. Pole sana. Mimi..."

"Nimevishika vyote," akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Hakuna hata kimoja kilicho hai. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Leo asubuhi. Labda na jana."

Nikamtoa mferejini. Tulipomfikisha kitandani na goti likaoshwa, akaniambia, "Nenda Fort Ternan kwa mdogo wangu Moraa. Ongeri alimpa watoto wa hizi rosemari. Mwambie ulichofanya, usipunguze. Nitajua kama umepunguza, maana yeye atanipa habari yote, na ulimi wake utaujua."

Niliujua siku iliyofuata.

Fort Ternan ni nchi nyingine, mwanangu, ingawa siyo mbali. Unashuka, chai inakuacha, jua linakukamata shingoni, na huko bondeni unaona miwa. Moraa alikaa karibu na reli, kwenye kipande chenye mawe mengi kuliko udongo. Na juu ya mawe hayo, bila kivuli, bila mbolea, rosemari zilikuwa zimefura, zimejaa maua ya samawati mpaka nyuki walikuwa wanagongana. Nilisimama nikashangaa. Mwanamke mfupi, kilemba chekundu, akatoka nyuma ya nyumba na beseni la nguo.

Nikamweleza. Sikupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka beseni chini.

"Kwa hivyo wewe ndiye ule fundi."

"Ndiyo, mama."

"Ukakata mpaka mfupa."

"Ndiyo."

"Ukaweka na fertilaiza." Akapiga makofi mara moja. "Aki wewe kijana! Si ungeweka pia na sukari, ziwe tamu kufa?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Na sasa umekuja kuchukua zingine ukaue."

"Nimekuja kujifunza, mama."

"Hapana. Kwanza nijibu. Leo, saa hii tunaongea, dadangu anaenda choo namna gani?"

"Asubuhi na jioni hushikwa mkono," nikasema. "Mchana..."

"Unaona?" akasema, na sasa hakuwa anatania. "Miezi mitatu umekuwa ukilinda jina lako. Ati zitachipuka, ati ngoja. Ulikuwa unachunga vijiti. Nani alikuwa anamchunga Nyaboke? Kama ungemwambia siku ya kwanza, 'Kogo, nimeharibu,' angekasirika kidogo, halafu mngetafuta njia ingine. Hiyo ya kukata, hata Ongeri alikata vibaya mara mbili akiwa mgeni wa hii mti. Kukata nitakusamehea. Hiyo ya kumkalisha kwa kiti miezi mitatu ndio sijui."

Maneno hayo yalinikata, nami nikayapokea, kwa sababu kila moja lilikuwa kweli. Baada ya hapo akaniita kwenye kichaka. "Funga macho."

"Nini?"

"Funga macho. Umezoea kutazama. Kutazama ndiko kulikokuponza."

Nikafumba. Akanishika mkono, akauweka kwenye ncha ya tawi. "Teremka polepole. Hapo ni laini, sivyo? Shuka. Sasa imeanza kuwa ngumu lakini bado kuna majani. Shuka. Umeshika nini?"

"Mbao."

"Ina jani?"

"Haina."

"Basi umeshapita. Rudi juu mpaka majani yakurudie. Kisu hakishuki chini ya hapo, hata mwenye mti akuombe, hata akulipe. Unangoja maua yaishe, unapunguza vidole viwili, vitatu, unaacha majani chini ya kila mkato. Kila mwaka kidogo. Ukiisahau miaka mingi ikazeeka mguu, usijaribu kuirudisha utotoni. Chukua watoto wake upande wengine."

Nilifanya vile kwenye vichaka vitano nikiwa nimefumba macho, naye akinipiga kofi dogo la kiganja kila nilipozidi. Alasiri akanikatia vipandikizi, kila kimoja urefu wa kiganja, kutoka matawi yasiyochanua. Tukavua majani ya nusu ya chini, akavifunga kwa gunia lililolowa. Akanipa na kitu kingine nisichokitarajia, kamba ya katani, bunda zima. "Hii ndiyo utaanza nayo," akasema. "Kabla hujapanda hata moja."

Nilipofika Roret nilipitia moja kwa moja kwa Kogo. Sikwenda nyumbani kula. Nilichonga vigingi vya mti wa blugamu, nikavisimamisha kufuata njia ya Ongeri, nikafunga kamba kwa kimo cha kiuno chake, nikaacha mapengo palepale yalipokuwa. Penye pengo nilifunga mafundo mawili. Kisha nikamwita.

Alikuja amefungwa kitambaa kifundoni. Akaishika kamba. Akaivuta kidogo, kama anayempima ndama.

"Kogo," nikasema, "nilikuwa na haya. Ndiyo maana nilikudanganya. Ilinipasa nifanye hivi tangu ile Jumamosi."

"Ilikupasa," akasema.

Akaenda. Polepole, akisimama kwenye mafundo. Akapita pengo la jikoni, akafika chooni, akafunga mlango. Sote tulisimama pale, mimi na mke wa mwanawe, tukisikiliza mlango wa choo kama watu wanaosikiliza kwaya. Alipotoka akasema, "Kamba haina harufu. Lakini inajibu." Na kesho yake asubuhi alikuwa getini. "Wewe wa gambuti," aliniita, "leo hata kwato za punda zina adabu kuliko hizo."

Ndipo nikapanda. Vipandikizi nilivitia kwenye makopo ya mchanga mtupu na kokoto ndogo, nikaviweka chini ya upenu ambako mvua haifiki lakini mwanga unafika, nikavimwagia maji kwa kikombe cha chai, siyo kwa ndoo. Baada ya wiki kama nane vilikataa kung'oka nilipovivuta kidogo, vilikuwa vimeshika. Njiani nililima matuta kwanza, yameinuka kimo cha shubiri moja. Nilibeba murami, ile changarawe ya barabara, na mawe yaliyovunjwa, nikachanganya na udongo wetu huu mwekundu unaoshika maji, sehemu kubwa ikiwa mawe. Baba alipita akaniuliza, "Unajenga barabara ama unapanda maua?" Samadi sikuweka. Niliacha nafasi kati ya mche na mche ili upepo upite, maana ukungu ndio adui yake mkubwa huku kwetu. Na baada ya miezi ya kwanza, niliacha kumwagia maji kabisa. Hilo lilikuwa gumu kuliko kubeba mawe. Ukimpenda mtu unataka kumtilia kitu kwenye sahani. Nilipita pale wakati wa kiangazi, majani yamejikaza, mkono wangu unawashwa kutafuta mtungi, na Kogo kutoka mlangoni ananiambia, "Kipkoech, endelea na safari yako."

Miche minne ilikufa. Ilikuwa pale chini karibu na mfereji ambako maji hutuama. Sikuificha. Siku hiyohiyo nilimwambia Kogo minne imekufa na sababu ni mimi, nimelifanya tuta liwe chini mno. Akasema, "Basi inua." Ilikuwa ni hivyo tu, mwanangu. Neno nililoliogopa miezi mitatu lilichukua muda wa kupiga chafya.

Mwaka wa kwanza zilifika magotini. Mwaka wa pili, baada ya maua kuisha, tulizipunguza pamoja. Kogo aliketi kwenye kigoda, akateremsha vidole kwenye kila tawi, akasema "hapa," nami nikakata hapo kwa mkasi. Siku nzima kwa safu moja. Watu wa kituo cha majani walinicheka, mpogoaji wa mistari mitatu kabla ya saa sita. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nafanya kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya Jumapili, niliwakuta Kogo na mke wa mwanawe wakibishana mlangoni. Kogo alikuwa amevaa gauni la kanisani. "Mwambie Kipkoech aitoe hii kamba," akasema.

"Mama, wacha ikae," yule mke akamsihi. "Haidhuru mtu."

"Inanidhuru mimi. Naishika yenyewe, sishiki hizi."

Nikazitazama rosemari. Zilikuwa zimefika kiunoni, zimeshonana, zimechanua. Nikapita kigingi kwa kigingi, nikafungua fundo moja baada ya jingine, nikaikunja kamba begani. Kogo akatoka kizingitini, akanyoosha mkono wa kulia, na majani yakampokea. Akatembea. Penye pengo la kwanza alisimama, akapita. Pengo la pili, akapita. Nyuki wakapisha. Majani yalipoisha, akasimama getini, akakileta kiganja puani, akavuta pumzi ndefu sana. Kisha akasimama wima akingoja watu wanaokwenda kanisani, ili awatanie.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayotaka uondoke nayo. Ujuzi wako ni wa kweli, usiuonee haya. Lakini ulijifunza kwa mti mmoja, na mti wa pili hauna deni la kufanana na wa kwanza. Ukija kwenye kitu usichokijua, kishike kwanza, uliza aliyeishi nacho, na ukiambiwa kidogo, fanya kidogo. Rosemari uipe jua, mawe na nafasi ya kupumua, uinyime maji na mbolea, ukate majani na uache mbao. Hayo ni mepesi, utayakumbuka. Lililo gumu ni hili: utaharibu. Kila fundi huharibu. Siku hiyo usisimame kutetea mkono wako. Mtazame aliyebaki bila njia, umwambie ukweli jua halijatua, na kabla hujatengeneza ulichokata, mtafutie cha kushika.

Mungu akupe kazi nyingi na jina zuri, na akupe pia watu watakaokuambia wazi unapozidi. Mashamba utakayoyagusa yapate mvua yanayoitaka na jua yanayolitaka. Wazee wako wasikuogope, watoto wako wasikudanganye. Na popote utakapokosea, miguu yako iwe miepesi kurudi. Kongoi kwa kunisikiliza. Sasa inuka, chukua mkasi, fumba macho, tuanze na kile kichaka cha mwisho.